Pawabenki Ndani ya Unga wa Wimbi

Ghati mwanangu,

Hali yako siulizi, maana mchana nimekuona ukimaliza ugali na kuomba mwingine. Mtu wa namna hiyo ni mzima.

Nimekaa kwenye kitanda chako na mlango nimeufunga kwa komeo, kwa sababu shangazi zako wamejaa sebuleni na kila mmoja ana usia wake. Wewe na baba yako mmekwenda Nyambureti kumuaga bibi, na najua hawaachii watu hivihivi, lazima awalishe kwanza. Ukirudi nitakupa karatasi hizi mkononi, uzisome kabla hujalala. Usiniambie utazisoma kwenye basi. Kwenye basi utakuwa umeshachelewa.

Habari za kufua, kula, kusali na kuvaa sweta sitaandika. Shangazi zako wamezimaliza zote, na nyingine wamezirudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile pawabenki aliyokutengenezea baba yako.

Najua umecheka. Haya, cheka, ukimaliza rudi hapa.

Wewe umezaliwa ukazikuta pawabenki za baba yako mezani, ndiyo maana huoni ajabu yake. Mimi niliolewa nikamkuta fundi simu wa kawaida, anabadilisha vioo na spika. Hizi alizianza mwenyewe. Anabomoa betri za laptopu zilizokufa, anachagua seli ambazo bado zina uhai, anaziunganisha, anazishindilia ndani ya kipande cha bomba la maji, anazungushia tepu nyeusi, basi. Wachungaji wanaolala porini na ng'ombe wanazipenda kuliko za dukani, kwa sababu zinaanguka, zinakanyagwa, zinanyeshewa, na simu bado inaita. Wanaziita michi kwa lile umbo lake. Mtu akibisha hodi hapa Morotonga akasema "mama, mchi wangu umelegea," simkaribishi jikoni, namwelekeza mezani kwa baba yako kule stendi ya Mugumu.

Ila ya kwako hakuifanya mchi. Ya kwako kaijengea kasha la bati, kalikunja kwa nyundo ndogo, kalipiga msasa, kalipaka rangi ya bluu, halafu kwa brashi nyeupe kaandika GHATI, na chini yake namba ya ukubwa wake. Wiki nzima alikuwa anachelewa kula. Na Jumapili akakukabidhi mbele ya ukoo wote, na maneno aliyoyasema uliyasikia: popote utakapokuwa, usikae gizani. Bibi akaitikia, shangazi zako wakapiga vigelegele, mimi nikatazama chini maana nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Katika ukoo huu, kitu alichokutolea baba kwa maneno ya baraka unaondoka nacho. Hukiachi kitandani, humpi mwingine, humrudishii. Ukikirudisha umemwambia baba, baraka zako kaa nazo. Hilo unalijua vizuri, na ndiyo maana jana ulipofunga begi hukuuliza mtu. Uliizungushia kipande cha kitenge, ukaizamisha katikati ya unga wa wimbi, ukashindilia, ukafunga. Umefanya kama nilivyokulea. Kitu cha maana kinakaa ndani ya unga, kwa sababu mwizi wa basi anapapasa nguo, unga haupapasi. Mimi ndiye niliyekufundisha ulipokuwa unakwenda bweni Tarime, na bibi yako wa Tarime ndiye aliyenifundisha mimi.

Sasa sikiliza. Pawabenki hiyo ikifika uwanja wa ndege wa Mwanza ikiwa ndani ya unga, Algeria huendi. Tiketi waliyokupa wafadhili wako ni moja. Ndege ya Mwanza imefungwa na ya Dar, ya Dar imefungwa na ile ya kuvuka, na ukiikosa ya kwanza zile nyingine hazikujui. Na chuo kimeshasema asiyeripoti wiki hii nafasi yake anapewa mwingine. Miaka yote hiyo ya kusomea uhandisi wa maji kwenye mwanga wa tochi, ikaishie kwenye meza ya ukaguzi kwa sababu ya unga! Hapana. Mimi mama yako sikubali.

Najua ninachosema kwa sababu yamenikuta. Kisa hiki umekisikia kwa baba yako tu, maana wewe ulikuwa bweni, na baba yako anakisimulia akijitetea yeye na mchi wake. Leo kisikie kwa mwenyewe.

Mjomba wako Chacha, kaka yangu wa Dar, alikuwa anaozesha binti yake, akanitumia tiketi ya ndege. Mimi, Robi, ambaye nilikuwa sijapanda hata lifti! Akanipigia simu akasema, "Dada, chochote chenye betri usiweke kwenye begi kubwa. Beba mkononi."

Nikamjibu, "Wewe umekaa mjini mpaka umesahau wezi."

Kwa hiyo usije ukadhani sikuambiwa. Niliambiwa, nikacheka. Kosa langu lilianzia hapo, na mengine yote yalifuata lile. Baba yako alikuwa amenipa mchi mpya nimpelekee shemeji yake. Nikauzamisha kwenye unga, unga nikauweka ndani ya shangazi kaja, begi lile la mistari, nikalifunga kamba mara mbili, nikaondoka na roho nyeupe.

Mwanza nikakabidhi begi, likamezwa na ule utepe, nikakaa kusubiri. Muda si mrefu nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti. Ghati, nisikufiche, nilifurahi. Nilijua kaka yangu kanifanyia mpango nikae mbele na wakubwa. Nikasimama, nikakaza kitenge, nikawatazama wale waliobaki wamekaa, nikaenda natembea kama mke wa mbunge.

Wakaniingiza chumba cha pembeni. Shangazi kaja wangu yuko mezani. Kuna binti mkaguzi, mdogo tu, akanisalimia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hili begi ni lako?"

"Kwani limesema ni la nani?"

Ndivyo nilivyomjibu, mtoto wa watu aliyeniamkia kwa heshima. Akavumilia.

"Ndani ya unga kuna nini?"

"Unga."

"Na katikati ya huo unga?"

"Unga mwingine."

Akanigeuzia kioo cha mashine yao. Weee! Unga ulikuwa kama haupo, ila mchi wa baba yako ulionekana wote, seli zimejipanga, nyaya zinakwenda huku na huku. Mimi niliyelala nao nyumba moja niliogopa, sembuse wao.

Akavaa glovu aingize mkono. Nikamshika. "Mwanangu, hiki ni chakula cha watu. Nitatoa mwenyewe." Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikautoa ule mchi unapukutika unga, nikamwekea mezani. Baba mmoja wa suti aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma taratibu mpaka simwoni tena.

"Hiki ni nini, mama?"

"Pawabenki."

"Ya kampuni gani?"

"Ya mume wangu."

"Ukubwa wake umeandikwa wapi?"

"Muulize yeye, nikupe namba yake."

Nikaona nimepata njia ya kutokea. Nikamwambia basi nipe niibebe mkononi, yaishe. Akatikisa kichwa. Akaanza kunielewesha, na hapo ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo. Akasema betri za namna hii haziendi kwenye begi kubwa, kwa sababu begi kubwa linakaa tumboni mwa ndege, na kitu kikishika moto huko hakuna mtu wa kukiona wala kukifikia. Pawabenki inakaa na mwenyewe, juu, mahali inapoonekana. Na hata huko juu, lazima iwe na maandishi ya kiwandani yanayosomeka, yanayosema ina nguvu kiasi gani. Isiyo na maandishi haipandi ndege, iwe mkononi, iwe begini.

Unadhani nilisikia? Nilipiga kelele. Nikasema mume wangu ni fundi kuliko hao wa kiwandani. Nikasema wachungaji wa Serengeti nzima wanazo na hakuna hata mmoja aliyelipuka. Neno hilo, Ghati, nakuomba, uwanja wa ndege usilitaje hata kwa utani. Chumba kizima kiligeuka.

Yule binti hakupandisha sauti. Akasema, "Mama, ndege yako inafunga mlango. Unaweza kwenda ukaacha hiki, au unaweza kubaki nacho."

Nilisimama pale nimeduwaa. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa. Ila nilikuwa naiona sura ya baba yako alivyokuwa ananipa ule mchi asubuhi, ameufuta kwa shati lake, na nikaona nikiuacha ni kama nimemwacha yeye mwenyewe pale mezani kwa watu wasiomjua. Nikasimama mpaka wakaniita mara ya mwisho. Ndipo nikauacha, nikakimbia, kitenge mkononi, nikaingia ndani ya ndege unga umenijaa mpaka kwenye kiwiko. Jirani yangu wa kiti hakuniuliza kitu, akajisogeza dirishani tu. Mjomba wako aliponipokea Dar akanitazama mkono akasema, "Dada, umekuja na ndege au na mashine ya kusaga?"

Harusi ilikuwa nzuri. Lakini fikiria, nilibakiza kidogo tu niikose kwa kugombana na mtu aliyekuwa ananisaidia. Sisi watu wa huku tuna hilo. Kuuliza tunaona aibu, na tukielekezwa tunaona tumetukanwa. Mimi nimezeeka nalo, najaribu kuliacha, siku nyingine linaachika, siku nyingine hapana. Wewe bado mbichi. Huko uendako utaelekezwa kila siku, na watoto wadogo kuliko wewe, kwa lugha usiyoizoea. Waache wakuelekeze.

Niliporudi nikamsimulia baba yako yote, sikuficha hata nukta. Unajua alisema nini? "Walikukatalia kwa sababu ya mdomo wako. Betri yangu haina kosa." Na ndivyo anavyosimulia mpaka leo, na wewe ulimwamini, kwa sababu mdomo wangu unaujua.

Sasa nikwambie ya leo. Ulipokwenda kusukwa asubuhi, baba yako aliingia chumbani akaitafuta ile ya bluu, alitaka kuijaza chaji mara ya mwisho. Nikamwambia mtoto kaizamisha kwenye unga. Akafurahi huyo, akajipiga paja.

"Kafunzwa!"

"Na uwanja wa ndege, Baba Ghati?"

"Hii ina maandishi. Nimeandika mwenyewe."

"Kwa brashi."

"Kwani wao wanaandika kwa nini, kwa ulimi?"

Na ukubwa wa sauti yake unaujua. Shangazi zako wakanyamaza kule sebuleni wasikie vizuri. Zamani ningemjibu, tungeanza, mpaka jioni tungekuwa tunatumana chumvi kupitia kwako. Leo sikumjibu. Habari ya sheria nikaiacha kabisa, nikamuuliza kitu kimoja tu. "Baba Ghati, unaikumbuka meza yako ya Tarime?"

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeoana, tumepanga chumba Tarime mjini, meza yake iko barazani. Mteja akaleta simu ambayo betri yake imevimba. Baba yako, kijana, haogopi kitu, akaibinya na bisibisi aifungue. Ghati, sijaona tena moto wa namna ile. Haukuanza kidogo ukakua. Ulitoka wote kwa pamoja, na moshi mzito unaokaba koo. Mteja akakimbia, mimi nikapiga yowe, baba yako peke yake ndiye aliyebaki na akili. Akaikamata kwa koleo, akairusha barabarani, akaimwagia mchanga ndoo nzima. Ule unyusi wake wa kushoto uliochakaa, ambao anakuambieni aliupata kwenye mpira, aliupata pale.

Nikamuuliza, "Usingekuwepo pale ingekuwaje?"

Akasema, "Nyumba ingeondoka."

"Na hii ya bluu ikikosea njia, iko tumboni mwa ndege, mtoto yuko juu amelala, na wewe uko hapa Morotonga unakunywa chai?"

Baba yako akakaa kwenye kitanda chako, hapahapa nilipokaa sasa. Akatazama mikono yake. Halafu akasema, "Mama Ghati, hapa nipo." Kwanza sikumwelewa. Akaendelea, "Zote nilizotengeneza, nipo. Ikilegea wananiletea. Ikipata joto wananiletea. Huko sipo."

Mwanangu, nimeishi na mwanaume huyu miaka mingi na nimemsikia akisema maneno mengi, mengine ni bora asingeyasema. Hilo la leo lilinitoa machozi. Kwa sababu si betri tu. Kila tulichokufanyia, mimi na yeye, tulikifanya tukijua tupo karibu. Ukikosea tunasikia, ukiumwa tunaona, ukilegea tunakuweka mezani tunakukaza. Keshokutwa unakwenda mahali ambapo hatupo, na nitakwambia wazi, mimi naumia. Nakuamini sana, sina wasiwasi kwamba utashindwa, ila naumia. Basi.

Baada ya hapo alinyanyuka mwenyewe, akafungua begi lako, akakunja shati, akaingiza mkono kwenye unga. Sikumsaidia. Akaitoa ile ya bluu, akaikung'uta, akaipuliza, akaifuta kwa shati lake kama alivyoufuta ule mchi wangu wakati ule. Unga uliomwagika tumeurudisha, usiwe na wasiwasi, na begi nimelifunga upya.

Pawabenki utakayobeba iko juu ya meza yako. Ni ya dukani, nimeinunua mwenyewe Mugumu. Baba yako aliposikia alitaka kuifungua aone ndani, nikamkatalia. Kaigeuzageuza, kachomeka simu yake, kachomoa, kachomeka tena, mwisho akasema "inajitahidi," na kwa baba yako hiyo ni sifa. Nyuma ina maandishi madogo ya kiwandani. Inasema elfu kumi, na pembeni inasema wati-saa thelathini na saba. Kwenye ndege nyingi ukomo wa kawaida ni wati-saa mia moja, kwa hiyo ukiulizwa onyesha hayo maandishi, huna haja ya hotuba. Nimeiweka kwenye kimfuko chake peke yake, isigusane na funguo wala sarafu. Inakaa kwenye begi la mkononi. Na kama ndege imejaa, wakataka kulichukua hata hilo begi dogo mlangoni walipeleke chini, usimpe mtu kabla hujaitoa. Humo ndani ya ndege usiichajie simu mpaka umewauliza wahudumu, mashirika mengine hayataki.

Na ikipata joto, au ikianza kuvimba, usiifunike na blanketi ukaanza kusali. Mwite mhudumu papo hapo. Sema. Hakuna aibu.

Hapa nina langu la kukwambia, kisha namaliza. Nilipokuwa na mimba yako, tulikuwa tumehamia kwa bibi Nyambureti. Mimi ni wa Tarime, mgeni pale, na nilikuwa nimesikia wakwe wanasema wasichana wa mjini hawawezi jembe. Miguu ikaanza kuvimba. Sikusema. Nikawa navaa kitenge kirefu, nalima, nachota maji, kichwa kinaniuma, macho yanaona giza, mtu akiniuliza nasema niko sawa. Siku nilipokwenda kliniki nesi mmoja, mama wa kutoka Bukoba aliyepangiwa kazi huku, aliinua kitenge changu akaona ile miguu, akanifokea mbele ya wanawake wote mpaka nikalia. Alinilaza saa ileile. Baadaye akaniambia ningekaa nyumbani siku chache zaidi, wewe na mimi tungezikwa pamoja. Na bibi yako, yule niliyekuwa namwogopa, ndiye aliyekaa na mimi wodini usiku na mchana. Akanifulia, akanilisha uji kwa kijiko. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniambia?"

Kwa hiyo Ghati, huko chuoni, kitu kikikulemea, cha masomo, cha mwili, cha moyo, cha mwanaume, usikivalie kitenge kirefu. Mtafute mtu aliye karibu umwambie, hata kama humjui vizuri. Sisi tupigie pia, lakini anza na aliye karibu, yeye ndiye anayefika.

Sasa ile ya bluu. Baba yako alipoishika mkononi, akakwama. "Nimeitoa kwa baraka," akasema. "Nitaichukuaje tena? Nitakuwa nimemnyang'anya mtoto."

Nikamwambia, "Yule ng'ombe mwekundu aliye zizini kwako ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu wa Sirari. Kamweka kwangu nimtunzie, unajua."

"Anakula majani ya wapi?"

"Ya kwangu."

"Maziwa anakunywa nani?"

Akanitazama. Halafu akacheka, mara ya kwanza leo, mpaka shangazi yako mkubwa akachungulia mlangoni. "Basi aiweke," akasema. "Lakini asiweke kwangu, mimi ndiye niliyetoa. Aiweke kwako. Na aseme kwa mdomo wake, ng'ombe hawekwi na mtu mwingine."

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla mizigo haijapakiwa, utaikuta mezani sebuleni. Baba yako atakuwa anajifanya anatafuta viatu. Usimwombe msamaha, hujamkosea. Usimweleze sheria za ndege, anazijua sasa. Na tafadhali usilie, maana ukilia atairudisha kwenye unga kwa mkono wake mwenyewe na tutaanza upya. Ichukue kwa mikono miwili, useme shangazi zako wasikie: "Baba, hii ni yangu. Naiweka kwa mama anitunzie." Kisha nipe.

Mimi nitaipokea. Nitaichaji, nitaitumia kwa simu yangu, hayo ndiyo maziwa yangu. Baba yako atazikagua seli zake. Haitauzwa, haitaazimwa, na shangazi zako hawataigusa. Jina lake litabaki lako.

Na sheria ya upande wako unaijua. Mwenye ng'ombe anakuja kumwona. Baba yako mdogo anatoka Sirari siku yoyote anayojisikia, anasimama zizini, anampapasa yule mwekundu mgongoni, anakunywa chai, anaondoka. Mwaka juzi alikuja mambo yamemharibikia kabisa, tulijua, akasema amekuja kumwona ng'ombe. Tulimpisha njia akaenda zizini. Hakuna aliyemuuliza. Na wewe, Ghati, siku yoyote ukija, hutaulizwa.

Mama yako,
Robi